Lusweti Ametua Eldoret Mara Nne

Edinah, uko? Nimetoka airport sasa hivi.

Nilikuwa namsindikiza Sylvia wa kanisa. Nani anashuka kwenye ndege ya Nairobi? Lusweti, kijana wangu! Nikapiga vigelegele mbele ya watu.

Akasema, "Mama, siji nyumbani. Narudi na ndege hii hii. Nisipofikisha idadi ya safari wanayotaka mwaka huu, shirika la ndege litaninyang'anya kadi ya dhahabu, ile ya wasafiri wao wa kila mara."

Kadi! Na amekiri hii ni mara ya nne anatua hapa, Edinah. Mara ya nne! Mimi sikuwa nimemwona tangu Pasaka.

Kitendawili: anapita juu ya paa langu, mlango wangu haumjui. Jibu ni huyo huyo.

Eti, "Nikiwa na kadi, Mama, unakaa lounge, ule ukumbi wa starehe pale airport, bure kama mgeni wangu." Mgeni! Nikamwambia, "Mgeni ni wewe. Panda ndege yako."

Akikupigia, usimwambie nililia.