Msumari Alipigana Wapi Siku Ile?

4 Machi

Binti yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami sijambo isipokuwa magoti, na hayo umeshazoea kuyasikia. Wewe na takwimu zako mnaendeleaje?

Nimelipata jarida lenu lenye orodha yako ya mabondia bora wa miaka ya sabini. Nililisoma karakanani, nikaweka randa chini, nikalisoma tena. Wa nne! Mtoto niliyemzaa mwenyewe kaniweka wa nne, na Treni wa kwanza. Treni huyo huyo ambaye gazeti liliandika kwa herufi kubwa kwamba Msumari, yaani mimi, kamtoboa. Mafundi wenzangu wamenicheka wiki nzima. Inakuwaje aliyepigwa akae juu ya aliyempiga? Nieleze, tena kwa lugha ya watu.

Baba yako


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni na magoti, wewe na mama anayesikiliza habari zake. Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Kila bondia anaanza na alama sawa. Ukimpiga mkali unavuna nyingi, ukipigwa na dhaifu unapoteza nyingi. Treni alipanda ulingoni mara hamsini, akapoteza tatu tu. Wewe ulimpiga mara moja, kisha ukapigwa na watu sita ambao hata sijui walitokea wapi. Bila ushindi ule ungekuwa nje ya kumi na tano bora. Kompyuta haijui kuwa wewe ni baba yangu, na sitaki ijue.

Orodha hii inageuzwa kitabu, na kinakwenda kiwandani kuchapwa mwisho wa Juni. Kama una mapambano ambayo sikuyapata, niambie. Ila nataka ushahidi: gazeti, au daftari la mwamuzi.

Binti yako


28 Machi

Binti yangu,

Sote wazima. Barua yako nimeisoma na imenichefua.

Hiyo kompyuta imewahi kula ngumi ya ini? Inajua kupigana huku pua imeziba damu? Nilikulea kwa mikono hii, leo unaniletea jumlisha na toa! Sindano, Mungu amrehemu, umemweka wa kumi na sita. Hapo sina neno. Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani mzuri na bondia mzuri, lakini jicho lilimponza, daktari akampiga marufuku mapema. Mimi je? Nilipigana mpaka kwenye mabwalo ya viwanda ambako hakukuwa na mwandishi hata mmoja. Watafute waamuzi wa zamani, wapekue masanduku yao. Usiache daftari hata moja.

Baba yako


20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hasira zimepungua.

Nimefanya ulivyoniagiza. Kule kwenye mji wa machimbo, binti wa mwamuzi mmoja alikuwa bado ameyatunza madaftari ya baba yake. Lipo pambano lako moja, ila halikusaidii: Msumari, seremala, dhidi ya fundi bomba wa mgodini. Msumari kaanguka raundi ya tatu.

Shida ni tarehe. Ni 11 Septemba, jioni ile ile uliyompiga Treni mjini. Kutoka mjini hadi machimboni ni safari ya siku nzima. Baba, ulikuwa wapi?

Binti yako


29 Aprili

Mwamuzi huyo alikuwa mlevi, kila mtu anajua. Futa. Si kompyuta iko mikononi mwako?

Baba


2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mama anasema unashinda karakanani na hutoi hata kigoda.

Daftari lina saini ya kila bondia. Yako naijua, ile M yenye mkia mrefu uliyokuwa ukiitia kwenye ripoti zangu za shule. Nimechoka kuitazama. Watoto wenzangu walinisindikiza nyumbani ili tu wamwone mtu aliyempiga Treni, nami nikatembea mbele yao kama chifu. Niandikie kwa mkono wako kwamba daftari linasema uongo, nami nitalifuta. Lakini uandike wewe.

Binti yako


19 Juni

Binti yangu,

Sijui kama mzima au la, maana silali vizuri. Mama yako hajambo.

Daftari linasema kweli. Niliogopa. Treni alikuwa amemvunja mtu taya mwezi ule, na kila nikifumba macho nalisikia taya lile. Nikampa Sindano leseni yangu, kwa kuwa yake daktari alikuwa ameichukua, na picha za leseni zilikuwa nyeusi hata mama zetu wasingetutambua. Mimi nikapanda gari la moshi kwenda machimboni, ambako hakuna aliyeuliza leseni, kutafuta mtu mwepesi. Hata huyo mwepesi akaniangusha.

Sindano akashinda. Gazeti likaandika jina langu. Jicho lake lilizima kabisa kwa ngumi za siku ile, akashona nguo miaka ishirini kwa jicho moja, na hakunidai sifa hata siku tukigombana. Mwaka juzi nilisimama kaburini kwake nikamsifu mbele za watu, nikasema kila kitu ila hicho. Najichukia kwa hilo.

Jana nilikwenda kwa mkewe kukiri. Hakuniacha nimalize. Aliniambia, "Shemeji, unadhani nani alikuwa akiliosha lile jicho?" Kisha akaendelea kuchambua mchele wake. Miaka yote hiyo alikuwa akinikaribisha, ananiwekea kiti, na anajua.

Mpe Sindano ushindi wake. Mimi niandikie kipigo cha yule fundi bomba.

Baba yako


30 Juni

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimerekebisha. Sindano ni wa tano, wewe wa kumi na tisa. Kurasa zimekwenda kiwandani leo asubuhi.

Nina hasira na wewe, na sitaki kuificha. Nimekulia ndani ya ushindi wa mtu mwingine, na yeye alikuwa akija kwetu kunipima sare ya shule huku akinitania kwamba nina mabega ya baba.

Kitabu kikitoka nitakuletea nakala mbili. Moja utaipeleka wewe mwenyewe kwa mama mdogo, mke wa Sindano, na ukurasa ule utamsomea kwa sauti, jina la mumewe kwanza, halafu lako. Nitakaa hapo hapo kusikiliza. Ukikwama, sitakusaidia.

Binti yako