Tumbaku ya Babu Yako Huko China

Kakuma,
21 Aprili, 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Emanikor, bwana yangu mdogo,

Ejok? Uko mzima? Unakula ukashiba? Mimi niko, Akuj Mungu wetu ananiweka. Ni goti tu inasumbua, na jino moja imebaki hapo juu inatafuta mwenzake. Mvua imenyesha kidogo. Ile mbuzi yako ya masikio nyeusi imezaa mapacha, lakini inapenda mmoja, mwingine inafukuza. Huyo mwingine analala kwangu, ananikojolea.

Anayeandika ni Céline, jirani yetu Mkongomani, fundi wa nguo. Anasema, "Mama, enda pole pole, mkono yangu si cherehani!" Akimaliza atapiga picha akutumie kwa simu.

Sasa sikia. Ile sauti ulituma tulisikia wote. Ulisema Wachina wako na siku ya kwenda kwa makaburi, wanang'oa nyasi, wanawekea wazee wao chakula. Ukasema rafiki yako wa chuo alikupeleka kwa kaburi ya nyanya yake, ukamwaga tumbaku hapo, ukaita babu yako, kwa sababu alipokufa hukuweza kuja kumzika. Nililia, halafu nikanyamaza.

Baba yako mdogo Ekal hakunyamaza. Alisema umeita mzee kwa boma ya watu, atapotea njia. Anataka uache kusoma lugha na desturi za wenyewe, urudi uchinjiwe mbuzi, usafishwe. Nasikia na wewe umeanza kufunga mizigo. Ngoja kwanza.

Babu yako alipotea njia lini? Huyo alifuata ngamia mpaka Uganda, akalala kwa watu hajui lugha ya mdomo yao, akarudi na marafiki. Na tumbaku hakuweza kula peke yake. Uliza Suldan, yule Msomali wa duka: mzee alikuwa anagawa yote kabla hajafika mlangoni. Mimi nagomba, yeye anacheka.

Juzi nikabebwa na pikipiki mpaka kwa kaburi yake, huko nyuma ya Kalobeyei. Huyo dereva alikimbiza mpaka nikamgonga na fimbo. Ekal alikuja na pikipiki yake. Nikaweka jiwe, nikamwaga tumbaku, nikaambia mzee mahali uko na kitu ulifanya. Tukakaa sana. Mwisho Ekal akatoa tumbaku ya mfuko wake, akaweka, akasema tu, "Mzee, basi shika." Maneno ya kurudi hajasema tena.

Lakini kosa uko nayo, na si ile Ekal anasema. Uliingia kwa huyo nyanya wa watu, ukapatia babu yako tumbaku. Yeye mwenye boma ulimpatia nini? Mgeni gani anapita mwenye nyumba hivyo? Nani alikufundisha?

Kwa hivyo fungua hiyo mizigo. Soma hiyo lugha mpaka iingie. Halafu urudi na rafiki yako kwa hiyo kaburi, uweke tumbaku ya nyanya wake kwanza, umwombe msamaha kwa lugha ya mdomo yake mwenyewe, maneno yakiwa yamenyooka. Na uulize jina ya huyo nyanya, unitumie. Nikienda tena kwa mzee nitamwaga kidogo nikimwita, ajue kwetu pia anajulikana.

Ekal anakusalimia, Suldan pia, na Céline, ambaye anasema vidole vimekufa. Huyo mbuzi mdogo nimempatia jina lako, kwa sababu ya kukojoa.

Akuj akupatie maji kila mahali unakanyaga.

Ni mimi nyanya yako Akeru, nakupenda na hii jino yangu moja.