Uzi wa Klarineti

Mjini, 2 Juni 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mke wangu tu wazima, sijui ninyi huko, na goti la Mama.

Baba, nina hofu. Polisi walivunja harusi tuliyokuwa tukipiga, kwa sababu ya nyimbo za kabila letu, zilizokatazwa na serikali. Klarineti wameniachia, lakini ile pete inayobana tete, kile kibanzi kinachotoa sauti, kwenye mdomo wake wameikanyaga. Juzi Kapteni Stoimenov, yuleyule aliyeikanyaga, kanijia mlangoni: "Jumamosi namwoza binti yangu. Utapiga wewe." Akiniomba kucheki, ngoma yetu iliyokatazwa, mbele ya wakubwa wenzake, nifanyeje? Nikipiga ni jela, nikikataa ni jela.

Mwanao, Sabri

Kijijini, 5 Juni

Mwanangu Sabri,

Marahaba. Hatujambo, goti la mama yako linalalamika kuliko mwenyewe. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa. Posta siiamini.

Pete ya nini? Babu yako alifunga kwa uzi maisha yake yote. Chukua uzi wa kitani, anzia chini ya tete, zungusha ukivuta, ncha ya tete iache huru. Mwisho wa uzi uupenyeze chini ya mizunguko. Akiomba kucheki, jifanye unaliweka tete sawa, uvute uzi. Tete litaanguka. Waache wakucheke, aibu haimfungi mtu jela.

Baba yako

Mjini, 12 Juni

Baba,

Shikamoo. Wageni walipokolewa na pombe ya rakia, Kapteni akapaza sauti: "Kijana, kucheki!" Nikavuta uzi, tete likatumbukia kwenye supu ya bibi harusi. Watu walicheka mpaka machozi. "Mpiga klarineti gani huyu, hata kufunga hajui!"

Kapteni hakucheka. Aliliokota, akalifuta, akalifunga mwenyewe, upesi na vizuri kama wewe. Akaninong'oneza: "Baba yako alinifundisha kufunga, kwenye bendi ya jeshi. Na kulegeza alinifundisha pia, siku tulipotaka kumkwepa jenerali. Sasa piga."

Nilipiga kucheki, Baba. Hakunigusa. Ila wakati wa kuagana aliuliza kama mngali kwenye nyumba ileile. Nakusihi, nenda kwa shangazi.

Mwanao, Sabri

Kijijini, 20 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Barua yako ilifika leo asubuhi. Kapteni alikuja jana. Alikunywa kahawa yangu, yeye na baba yako wakakumbushana mambo ya jeshi, wakacheka sana. Kisha baba yako akainuka, akaniomba koti lake zito la baridi.

Nikamwambia, "Mzee, na jua lote hili?"

"Nipe tu, mama Sabri. Baridi itanikuta hukohuko."

Wameondoka kwa gari la Kapteni. Naogopa, mwanangu. Usije huku.

Mama yako