Gari Inayozima Mama Akipanda

Mzee wangu Simiyu,

Sikuulizi habari za huko. Huko hakuna magari, na mahali pasipo na gari hata moja ya kufunguliwa boneti sijui unashinda ukifanya nini. Mimi ni Wambui, mwanafunzi wako. Nakuandikia nikiwa hapa gereji Kitale, nimekalia lile tairi la trekta ulilokuwa ukifukuza watu wasilikalie. Ndiyo, nimelikalia. Njoo unifukuze.

Nina maneno juu ya gari yako. Usinikatize, maana nikinyamaza kidogo nitalia, na mikono yangu imejaa grisi.

Baada ya kukuzika tuliiacha nyuma ya gereji chini ya turubai, hadi mvua ikapita. Mkeo, Mama Nekesa, alibaki hapa Kitale. Watu wako wa Bumula walitaka arudi nyumbani akae karibu na kaburi. Yeye akasema duka lake la nafaka liko hapa, kanisa lake liko hapa, na kwamba atakuwa akija kukuona kama mke yeyote anayejiheshimu. Hawakupenda jibu hilo, lakini unamjua Mama, akishasema amesema.

Basi nikafunua gari. Nikabadilisha oili, nikachaji betri, nikageuza ufunguo. Iliamka mara moja, Mzee, kama iliyokuwa imejilalia tu mchana. Nikainamia boneti nikalia. Mteja mmoja akadhani nimeungua mkono, akakimbia kuniletea maji.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenu, Bumula. Niliendesha mimi. Nyuma aliketi dada yako Nafula, shangazi ambaye kwenu wote wanamwita Senge, aliyekuwa amekuja kututembelea, pamoja na ndizi zake. Mbele aliketi Mama. Si unajua kile kiti hakikuwahi kubeba mtu siku zako zote? Kilikuwa kabati lako. Koti, magazeti ya zamani, gasketi, mwavuli usio na mbavu. Mama ulikuwa ukimketisha nyuma, unamwambia ati mke wa fundi ni waziri, na waziri haketi na dereva. Siku hiyo alikunja koti lako polepole, akaketi, akafunga mkanda. "Leo na mimi nimefika mbele," akasema, akicheka.

Tulipopita Kiminini gari ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilinyamaza tu kama redio iliyozimwa. Tukashuka sote, nikashika plagi, nikashika koili, nikachomoa bomba la mafuta, petroli inakuja vizuri. Nikapiga stata, ikawaka. Tukapanda. Tulipofika Kamukuywa ikazima tena. Tukashuka, ikawaka. Kabla ya Misikhu, vilevile. Pale Matulo trekta la miwa lilikuwa nyuma yetu, nusura litupande mgongoni, na dereva wake akanitukania ukoo wote kuanzia nyanya.

Hapo ndipo Senge alipofungua mdomo. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo: "Mmeona? Huyu akishuka, inawaka. Akipanda, inazima."

Nilimwambia Senge aache hayo. Lakini Mzee, ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimeshaona. Mama alisimama kando ya barabara, mkoba kifuani, akaita bodaboda. Tukaingia kwenu gari ikinguruma vizuri bila yeye, naye akafika baadaye juu ya pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Boma zima liliona. Na Bumula unaijua. Jua halijatua, habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba Simiyu amemkataa mke wake, hataki abebwe na gari yake kwa sababu amegoma kurudi nyumbani.

Mama hakubishana, na hilo ndilo lililoniuma. Mama Nekesa, ambaye angeweza kubishana na mizani ya duka, alienda tu kunawa lile vumbi. Tuliporudi Kitale akaacha kukutaja kwa jina. Ukawa "yule." Kisha ukoo wako ukapanga siku ya kuweka saruji kaburini, na yeye akasema atatuma soda na mchele, haendi. Alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua macho. "Kama hanitaki, mbona nimsumbue?" Nilitoka nje nikapiga tairi teke, na kidole kinaniuma hadi leo.

Nilijua nikikosa ugonjwa wa hii gari, huyu mwanamke hatakanyaga kaburi lako tena maisha yake yote.

Basi nikaanza kazi. Nilibadilisha plagi na waya zake. Nikasafisha pointi. Nikaazima koili ya gari nyingine. Nikafungua "kabuleta," kama ulivyokuwa ukiiita, nikaipuliza kila tundu. Nikaosha tangi, nikapata kutu kidogo na kifuniko cha kalamu yako. Kila nilipomaliza moja niliitoa barabarani. Niliipeleka Kiminini peke yangu, haikuzima. Nikaipakia magunia ya mahindi kwenye buti nikaipandisha Kapsokwony, ile miinuko ambayo hata pikipiki zinashusha abiria atembee. Ilipanda ikiimba. Ulisema gari iliyokufa kabisa ni mgonjwa mtulivu, na inayokufa na kufufuka inakupima akili. Yangu ilikuwa imeshapimwa ikaonekana ndogo.

Na nitakuambia yaliyonipata, ucheke. Siku moja nilijikuta nimeinamia injini nakubembeleza. "Mzee, si uache tu? Amekukosea nini?" Mimi, mtoto wa kanisa, niliyelelewa na nyanya anayeombea hata chai. Nikashtuka, nikafunga boneti, nikaenda kunywa maji.

Ni siku hiyo nilipomkumbuka yule mama wa kabichi wa Kapsokwony. Pikapu yake ilikuwa inazima siku za soko tu. Mafundi wote walikuwa wameifungua wakaifunga. Wewe hukushika hata spana. Ulimwambia alete kabichi. Alete na mume wake. Ukamuuliza siku hiyo walibeba nini kingine, akasema kuku, ukasema alete na kuku. Gereji nzima tulikufa kwa kicheko. Ukapakia kila kitu kilivyokuwa, ukaketisha kila mtu alipokuwa ameketi, mkaenda, na kumbe kabichi zikiwa nyuma bodi inashuka na kubana bomba la mafuta. Kuku hakuwa na hatia, ingawa uliuliza kama anauzwa. Mliporudi ulituambia: "Kabla hujafungua kitu, rudia safari."

Na mimi nilikuwa nimerudia barabara bila kurudia safari. Safari ilikuwa na Mama ndani.

Nilimfuata dukani. Alikataa kabla sijamaliza. Akaniuliza kama nataka aaibike mara ya pili. Nikamwambia hatutaenda popote, aje aketi tu, gari ikiwa imesimama hapa gereji, na nimefunga geti. Alikuja Jumapili akitoka kanisani na gauni lake zuri. Nikatandika gunia safi kwenye kiti. Akaketi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikawasha injini, nikashika mlango, nikaitikisa gari kama iko kwenye mashimo. Ikazima.

Mama akafumba macho. Akataka kushuka. Nikamwambia akae hapo hapo asisogee hata kidole, nikalala kifudifudi, nikaingiza kichwa chini ya kile kiti na tochi.

Mzee. Swichi yako ya siri.

Unakumbuka jirani alipoibiwa pikapu sokoni, ukaogopa, ukaficha chini ya kiti swichi ndogo ya kukata umeme usifike kwenye koili? Ulinionyesha mimi peke yangu. Nimeiwasha kila nilipoendesha, na katika kutafuta kwangu kote sikuigusa, kwa sababu ilikuwa kazi yako. Nani anakagua kazi ya Mzee Simiyu? Sasa nikaona ile waya. Umeisokota kwa vidole! Ukaizungushia tepu, ukaenda zako. Hukulehemu! Tepu imekauka, imebambuka kama ganda la kitunguu. Kiti kikipata mtu, springi zinashuka zinaikanyaga, gari ikiruka kidogo waya zinaachana. Mtu akishuka zinarudi kushikana. Ni hivyo tu.

Wewe! Wewe uliyetupa waya yangu juu ya ua wiki ya kwanza, ukawaita mafundi wote waje waone "kazi ya kusokota"! Nilicheka nikiwa bado chini ya kiti hadi Mama akadhani nimepigwa na umeme. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema, lakini hawakusema anaweza kujikata hivyo.

Nilimwonyesha Mama. Aliigusa ile waya kwa ncha ya kidole. Akauliza, "Ni uzito tu?" Nikamwambia ni uzito, Mama, na uvivu wa mume wako. Akacheka. Kisha akalia, kilio alichokuwa amekikalia tangu Matulo. Nilikaa chini nikamshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Ningeilehemu palepale. Lakini nikafikiria, nikiitengeneza hapa, nani Bumula ataniamini? Watasema tumeombewa. Na nikiwaambia, itanibidi nisimame nyumbani kwako, mbele ya kaburi lako, niseme wewe ndiye uliyeharibu. Jina lako kwao ni kubwa, Mzee. Kuna watu huko wanaamini ulikuwa unaponya gari kwa kuiangalia. Sikujua nifanyeje, nikamuuliza Mama.

"Sema," akaniambia. "Aibu yake ni ya waya. Yangu ni ya mke aliyekataliwa."

Kwa hiyo sikuigusa. Siku ya saruji tulisafiri waya ikiwa vilevile, Mama nyuma kama waziri, kiti cha mbele kitupu. Tukaingia kwenu bila kuzima hata mara moja, na nikaona watu wakitazamana. Saruji ilikuwa imepungua. Nikasema nitaenda kununua nyingine pale senta, madukani, nikamwomba Senge anisindikize. Akataka nyuma. Nikamwambia nyuma kuna mizigo, Senge, keti mbele.

Hatukufika getini. Pale kwenye mtaro gari iliruka kidogo, ikazima.

Waliokuwa wanachanganya mchanga wakaacha kazi wakageuka. Senge akashuka bila kuambiwa. Nikageuza ufunguo, ikawaka. Nikamwomba apande tena. Alipanda kama anayekalia mayai. Nikasogeza mbele, nikarudisha nyuma kwenye mtaro uleule. Ikazima.

Senge akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Kwani hata mimi amenikataa?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama Nekesa ndiye aliyeanza.

Niling'oa kiti nikakiweka kwenye nyasi, nikawaonyesha wote ile waya, nikawaambia ni mkono wa nani. Mzee mmoja wa ukoo alinung'unika kwamba mtoto hamsemi marehemu namna hiyo. Nikamjibu kwa heshima kwamba marehemu angenisema mimi vibaya zaidi, na hilo walilikubali, wanakujua. Senge aliinama akabandua ile tepu kwa kucha zake mwenyewe, akageuka upande wa kaburi lako. "Simiyu, na uvivu wako." Hakumwomba Mama msamaha kwa mdomo, Senge ni Senge. Lakini ni yeye aliyeingia jikoni akatoka na jiko la makaa, akalipepea hadi chuma changu kikawa chekundu. Nikalehemu hapohapo, kazi safi, hata wewe ungetafuta kosa ukakosa.

Kisha Mama akaketi mbele. Nikamzungusha boma lote, nikapita kwenye mtaro makusudi, mara kadhaa, nikasimama karibu na kaburi ambapo saruji ilikuwa inaanza kumwagwa. Nikapeleka mkono kuzima injini. Akaushika.

"Wacha ingurume," akasema. "Mpaka wamalize."

Ikanguruma. Watu walimwaga saruji, wakailainisha, wakaimba, na hakuna aliyethubutu kutuambia tuzime. Mama alifungua dirisha akazungumza nawe kwa Kibukusu, kwa muda mrefu. Sikushika yote. Lakini jina lako nililisikia, Mzee, tena na tena, akilitaja kama mtu aliyekuwa amenyimwa jina hilo.

Basi lala, Mzee wangu. Nakuahidi nitakuwa nakagua kazi za wale ninaowapenda kwanza kabla ya za wengine. Na jana Mama alinijia hapa gereji na viatu visivyo na kisigino, ati nimfundishe kuendesha. Tunaanza Jumatatu, kwenye uwanja wa shule, asubuhi. Naahidi sitampigia kelele kama ulivyonipigia mimi, hata akivunja gia. Ataketi kwenye kiti chako. Sogea kidogo, umpishe.

Mimi wako,
Wambui