Saa za Chini Hazina Mshahara

Kitale, Jumamosi jioni, Agosti 1958. Mvua tangu adhuhuri. Mlima Elgon hauonekani kabisa.

Daftari langu, leo ni siku ya ishirini na mbili tangu nimwoe Nasimiyu, na bado nikiliandika jina lake mkono unapunguza mwendo wenyewe, kana kwamba kila herufi inataka itazamwe vizuri. Nasimiyu. Mke wangu! Maneno hayo nimeyaandika pembeni mwa kurasa zako hadi nafasi imekwisha.

Makao yake ni upande wa Bungoma, kwa mama yangu. Mimi niko hapa. Ni safari ya nusu siku kwa lori, lakini sijawahi kuhisi niko mbali naye hivi, hata nikiwa kazini angani.

Leo tulikuwa twende pamoja kwa wazazi wake Sirisia. Ni mara ya kwanza mkwe kukaribishwa kuku na wakwe zake, na siku hiyo mkwe hakosi. Likizo nilikuwa nimepewa. Kisha Alhamisi ndege yetu ikatua hapa kwenye uwanja uliolowa, gurudumu moja likazama, chuma kikavunjika. Spea inatoka Nairobi. Lini, hakuna ajuaye.

Rubani na msaidizi wake wanalala hotelini. Mimi nimepewa chumba cha mapipa kando ya uwanja. Kutwa nafagia ndani ya ndege, napangusa viti, namwaga ndoo za abiria waliotapika tukiwa juu ya Bonde la Ufa. Usiku nailinda. Nisisogee mbali, maana spea ikifika tunaruka.

Watu wa nyumbani wanadhani mhudumu wa ndege ni tajiri. Wanaona koti jeupe na vifungo vinavyong'aa. Hawajui kwamba mshahara wangu wa mwezi ni mdogo kuliko wa karani wa soko, na kinachojazia ni posho ya saa za angani. Injini zikinyamaza, posho nayo inanyamaza. Rubani na msaidizi wake hulipwa vilevile, ndege iruke au ilale.

Sijawahi kumwambia Nasimiyu hayo. Nakiri hapa, kwako tu. Alipenda sana kusikia habari za mawingu.

Jana asubuhi nilimfuata rubani, nikaomba siku mbili.

"Uko kazini," akasema.

"Leo nalipwa, bwana?"

"Unalipwa tukiruka. Unajua hivyo."

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nimelimeza tangu jana, na halijashuka.

Saa sita ya jana akapita Wafula, binamu yangu, anayeendesha lori la duka la Singasinga mmoja hapa mjini. Alikuwa anapeleka sukari na chumvi maduka ya Malakisi na Sirisia, na angelala Bungoma. Nikamwomba ambebe Nasimiyu leo asubuhi pamoja na zawadi zetu: blanketi la baba mkwe, leso za mama mkwe, na majani ya chai.

"Na wewe je?" akauliza.

"Niko kazini."

"Kazi gani bana? Ndege yenyewe imekaa kwa matope kama kiboko! Panda lori twende. Ama ati mtu wa mawinguni anaogopa vumbi?"

Nilicheka. Hakuona macho yangu.

Leo saa kumi na moja amerudi, ametapakaa matope mpaka magotini. Nikamshika mkono kabla hajashuka vizuri. Alipendeza? Alivaa gauni la kijani? Alinitaja?

"Ngoja nipumue kwanza, bwana harusi! Alivaa hilo la kijani. Na alikutaja mpaka nikachoka."

Kisha akapunguza sauti. Kumbe baba mkwe aliuliza mbele ya wageni wote mkwe yuko wapi. Nasimiyu akasimama wima, akasema mume wake ameitwa kazini ghafla, saa hiyo yuko juu ya Kisumu, anawapa watu chai angani. Wageni wakapiga makofi. Bibi yake Nasimiyu, ambaye macho yamefifia, akajikongoja hadi nje kwenye manyunyu, akaanza kuyapungia mawingu mkono.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Salimia mkwe wangu.' Tukamwacha tu apunge."

Saa hiyo hiyo mimi nilikuwa nimepiga magoti ndani ya ndege isiyoenda popote, nasugua sakafu bila malipo.

Mke wangu amenitetea kwa uongo kwa sababu mimi sikumpa ukweli. Hilo limeniuma kuliko chumba hiki, kuliko baridi ya Kitale.

Wafula alipokwenda kulirudisha lori dukani nilitembea mvuani hadi hotelini, nikasimama kwenye mlango wa nyuma hadi rubani akaja. Nikalitoa lile jibu. Nilisema, kama saa hizi hazilipwi, basi si za kampuni, ni zangu. Na kesho nazipeleka kwa mke wangu.

"Tukiruka bila wewe, usirudi," akasema.

"Nimeelewa, bwana."

Sauti yangu haikutetemeka, daftari langu. Ni haki mtu kukaa siku tatu akilinda mali ya wengine na siku hizo zihesabiwe kama hakuwepo? Jana nilijiuliza tu. Leo nimejibu.

Wafula anarudi Sirisia alfajiri na mzigo uliobaki dukani; Nasimiyu amebaki huko kwa wazazi wake, na kuku wa mkwe bado hajachinjwa. Nimempa neno langu. Huenda spea ikafika tukiwa njiani. Huenda hata mlio wa injini nikausikia nikiwa juu ya magunia.

Nitaogopa. Lakini kabla ya kuku, kabla ya baba mkwe, nitamchukua Nasimiyu kando ya nyumba, nimwambie kiasi ninacholipwa.