Nakshi Yako Inauzwa Feri

Mama,

Mola akulaze pema. Mimi huku nimechemka, na wa kumwambia ni wewe tu.

Jana nilikuwa Feri nangoja kuvuka kwenda Likoni. Mchuuzi kapanga kofia chungu nzima juu ya turubai, za mashine, zimetoka ng'ambo, bei ya kutupa. Nikaokota moja. Nikahesabu matundu yake moja moja, wallahi. Nakshi yako, mama! Yale maua manane uliyoyatunga mwenyewe, na ua la nne lina matundu matano badala ya sita. Lile kosa ulilolifanya siku uliyoletewa habari ya kifo cha baba, ukakataa kulifumua. Mashine yao imelishona vilevile. Majizi hata kuhesabu hayajui!

Unawakumbuka wale wageni wa mradi waliotujia hapa Mji wa Kale? Ati teknolojia itawatoa washonaji kofia kwenye umaskini, ati kazi ya mikono yenu itauzwa kwa simu dunia nzima. Wakaomba kuzipiga picha, tundu kwa tundu. Wewe ulisita. Lakini kwetu mtu akiomba nakshi aige hanyimwi, na mimi, mjuaji wako, nikakwambia, "Mama, dunia imebadilika, wape." Nikawashikia kofia kwa mikono yangu hii. Soko la kwenye simu hatujaliona mpaka leo. Jirani akiiga nakshi yako alikuletea uione, mkanywa kahawa pamoja. Hawa hata salamu!

Bi Zuhura wa nyumba ya pili ameweka sindano chini. Kofia moja inamla miezi miwili, na wateja wanamwambia watanunua Feri.

Kina mama wanasema simu tuziogope kama ukoma. Nimekataa. Simu ina kosa gani? Walioiba ni watu, na mlango niliwafungulia mimi. Sasa najifunza kuchora nakshi kwenye kompyuta, na zile za wenzako ambazo hazijaibwa nazipeleka kuandikishwa serikalini, kila moja kwa jina la mwenyewe. Halafu tutatafuta mashine ya kutarizi, iwe yetu wenyewe, tuiamrishe sisi. Najua mashine hukuzipenda hata kidogo. Nisamehe kwa hilo, na kwa lile la kwanza nisamehe zaidi.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi nakshi ya Bi Zuhura haitatoka Mji wa Kale bila jina lake. Yako nimeichelewa.

Mwanao