Simu Inayomchota Oliva

Mnyambe, Newala
24 Mei 2026

Oliva amepewa ukubwa, kaka. Wauzaji wote wa dawa za mikorosho, Masasi na Newala, wanawekwa chini ya mwanangu niliyemzaa mimi.

Mpendwa kaka Cecil,

Shikamoo. Unisamehe kutanguliza habari mbele ya salamu, ilinijaa mdomoni. Tanga hamjambo? Mguu wako umepona? Sisi wazima, ila maji ni shida ile ile uliyoiacha.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi, na Anifa wa jirani atakufikishia mkononi. Jambo lenyewe ni la simu, sitaki kulisemea ndani ya simu.

Kampuni yao iliwapa wauzaji wote simu mpya. Kila jioni Oliva huiandikia aliyoyajua: nani hanunui salfa mpaka mkewe akubali, nani ukimharakisha umemkosa. Eti ujuzi usikae kichwani mwa mtu mmoja, wenzake nao wausome. Mimi nikajiuliza, kichwa cha mwanangu kina ubaya gani?

Basi sikia. Unamkumbuka Mzee Majaliwa wa Chiwata, mtani wa ukoo wetu. Oliva aliandika kwamba ukifika kwake mtukane kwanza, ndipo atanunua. Wakamtuma Abdulatifu, kijana mgeni kutoka Dar es Salaam. Akaisoma simu, akaingia uani, akasema, "Mzee mchoyo, bado hawajakuzika tu?"

Mzee akamtazama. "Wewe ni mtani wangu kwa bibi yupi?"

Kijana akarudi kwenye simu. Bibi hakuwemo. Mzee akaapa hanunui tena kwao, na majirani wakamfuata.

Ikabidi aende Oliva. Alimtukana mzee wa watu mpaka nami niliposimuliwa nikaona haya. Mzee akacheka, akanunua, akamtoza na jogoo kwa kosa la kumwazima mtu baki utani wa ukoo. Abdulatifu simlaumu, maskini, alifuata kilichoandikwa. Haikupita wiki ukubwa ukaja. Nani mwingine Mnyambe ana mtoto kama huyo?

Lakini moyo wangu haujatulia. Ukubwa una sharti: asizunguke tena vijijini, akae ofisini Masasi, awafundishe wenzake na kuijaza simu yote anayoyajua. Nikamuuliza, wakishachota yote je? Akanicheka, "Mama, mimi si kisima." Wewe umezaliwa huku, kaka. Kisima kikikauka hata njia yake huota nyasi.

Hajawajibu. Nimemwambia kwetu neno zito kama hili halijibiwi mjomba hayupo. Meneja wake kakubali kuja kulisikia jibu hapa hapa nyumbani, na alivyokubali upesi nako sikupendi. Wewe umekaa ofisini miaka mingi, huogopi tai ya mtu. Umuulize usoni: simu ikishajaa, mwanangu atabaki na kazi gani?

Msalimie sana wifi Magdalena, na Theodora umwambie shangazi yake anamtaka aje nawe. Mungu awashike mkono njia nzima.

Mzee Majaliwa anakuja na matusi yake, jogoo wake tumeshamfunga kamba. Nyote tunawangoja Jumamosi, tarehe 13 Juni, kabla meneja hajafika.

Dada yako akupendaye, asiyekuficha neno,
Mama Oliva